Kupe na Kimelea: Habari za Ndege wa Majini na Maji ya Meru, kutoka Arusha hadi Kikwe

Maji yashukayo upande wa kusini wa mlima Meru huelekea mahali pamoja. Themi na Naura hupita katika mji wa Arusha. Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai hupita mashariki yake. Na yote huishia katika mto Kikuletwa, ambao huyapeleka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, na kisha, kwa jina la Pangani, mpaka bahari ya Hindi. Kikwe iko katika nchi ya chini, kusini ya barabara kuu iendayo Moshi. Maji yafikayo huko yamekwisha kupita msituni, yamepita katika migomba na mibuni, yamegawanywa katika mifereji, na mengine yamepita kando ya nyumba na masoko. Ndege wa majini huifuata njia hiyo hiyo. Kulastara husimama kimya katika kina kifupi, kwarara hupiga kelele alfajiri akienda malishoni, mnandi huanika mabawa yake juu ya mti mkavu, na yangeyange huandamana na ng'ombe shambani.

Ndege hao hawasafiri peke yao. Katika damu yao, katika matumbo yao, katika matundu ya pua na katika manyoya yao mna viumbe wadogo waishio kwa gharama ya mwenyeji wao. Habari za viumbe hao ni kazi ya wataalamu wa elimu ya wanyama. Lakini ni historia pia, kwa sababu jinsi watu walivyowaelewa ndivyo walivyoyatendea maji, mabwawa na viwanja vya majani vya miji. Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yafaayo kuieleza historia hiyo, nayo ni kupe na kimelea. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 viumbe hao walitazamwa kama kupe, yaani adui wa kung'olewa. Elimu ya baadaye imewaonyesha kuwa ni vimelea, yaani viumbe waliofungamana na mahali pao. Tofauti ya maneno haya mawili si ya kamusi tu. Yaamua kama kijito kilichobaki kati ya nyumba za mji kitahifadhiwa au kitafukiwa.

Wasemaji wa Kiswahili walikuwa na majina mengi ya wadudu wanyonyao damu kabla ya kuwa na jina moja la kuwajumlisha. Kupe ni wa ng'ombe na mbwa. Papasi ni wa nyufa za nyumba za udongo. Chawa ni wa nywele na nguo. Kiroboto ni wa vumbi. Utitiri ni wa banda la kuku. Waishio ndani ya mwili waliitwa minyoo, na yule mrefu kama utepe aliitwa tegu. Kila jina lilikwenda na mahali pake, na mtu aliyelisikia alijua pa kutafuta: ufa, manyoya, mavumbi au tumbo. Hapakuwa na haja ya neno la jumla, kwa maana mama anayefagia banda la kuku hana shughuli na kupe wa ng'ombe.

Neno kimelea lina asili nyingine. Latoka katika kitenzi kumea, na hasa katika kumelea, yaani kuota juu ya kitu kingine au kuota mahali pasipopandwa. Kwa hiyo ni neno la mimea kwanza, na damu haimo ndani yake. Mmea uotao juu ya mwembe una mizizi, una majira yake, una ndege anayeueneza, na ukikatwa mwembe nao hufa. Wataalamu walipohitaji neno la kukusanya kupe, minyoo, na vijidudu vya malaria pamoja, wakalichukua hili, walichagua vizuri kuliko pengine walivyodhani. Neno kupe, kwa upande wake, lilichukua njia ya siasa. Azimio la Arusha lilipopitishwa mjini humo Januari 1967 na kutangazwa Februari 5, lugha ya magazeti na mikutano ilijaa wanyonyaji na mirija, na kupe akawa mfano wa mtu alaye jasho la mwenziwe. Mfano huo ulieleweka upesi kwa kuwa kila mfugaji alimjua kupe; naye hana utetezi, hung'olewa akatupwa motoni.

Ikumbukwe kwamba ndege alikuwa mwalimu katika elimu hii kabla ya kuwa mshitakiwa. Katika miaka ya 1880 Vasily Danilewsky, mtaalamu wa Kharkov, aliona vijidudu ndani ya chembe za damu za ndege, vilivyofanana sana na vile alivyovigundua Alphonse Laveran mwaka 1880 katika damu ya askari wenye homa huko Algeria. Mwaka 1898 Ronald Ross, aliyekuwa daktari wa jeshi Bara Hindi, alitumia ndege wadogo mjini Calcutta. Aliwaacha mbu wanyonye damu ya ndege wagonjwa, akakifuata kijidudu ndani ya mbu kutoka tumboni mpaka tezi za mate, kisha akaona ndege wazima wakiambukizwa kwa kuumwa na mbu hao. Mwaka huo huo Wataliani, wakiongozwa na Giovanni Battista Grassi, walithibitisha kwamba malaria ya binadamu nayo huenezwa na mbu, ila wa namna nyingine. Malaria ya ndege haimwambukizi mtu. Lakini bila ya ndege, njia ya malaria ya mtu ingekawia kujulikana.

Ugunduzi huo ulifika Afrika Mashariki wakati miji ya kikoloni ilipokuwa ikipimwa na kujengwa. Boma la Kijerumani la Arusha lilijengwa kati ya mwaka 1899 na 1900, katika nchi ya vijito. Dar es Salaam, tangu mwaka 1901, daktari Ollwig alifuata njia ya Robert Koch: kupima damu ya wakazi kwa darubini na kuwapa kwinini wale waliokutwa na vijidudu. Njia ya pili ilikuwa kumpiga vita mbu mwenyewe kwa kukausha mabwawa, kumwaga mafuta juu ya maji yaliyotuama, na kupanda mikaratusi ili inywe maji ya bondeni. Njia hizi mbili zilitofautiana kwa jambo kubwa. Ya kwanza ilimtazama mgonjwa. Ya pili iliitazama ardhi, ikaihukumu.

Hukumu hiyo ya ardhi ndiyo iliyozaa sehemu nyingi za majani katika miji ya Afrika Mashariki. Mwaka 1913 na 1914 Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya Kiingereza kuchunguza afya ya miji ya Kenya, Uganda na Unguja. Shauri lake lilikuwa kwamba makao ya Wazungu, Waasia na Waafrika yatenganishwe kwa ukanda wa ardhi isiyojengwa, kwa hoja ya kuzuia maradhi. Dar es Salaam, uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya mji wa biashara na Kariakoo kwa fikira hizo hizo. Basi viwanja ambavyo leo watu hupumzikia, huchezea mpira na kufanyia mikutano, vingi havikuanza kama bustani za kumpendeza mkazi. Vilianza kama mpaka, na sababu iliyotolewa ilikuwa mdudu. Rangi ya mtu na makao ya mbu vilichanganywa katika ramani moja, na ardhi yenye majimaji ikapewa sifa mbaya ambayo haijaondoka hata sasa.

Wenyeji wa Meru nao walikuwa na ramani yao ya maradhi, iliyotokana na kuishi. Mlimani kulikuwa na baridi, migomba na maji mazuri. Tambarare kulikuwa na malisho na magadi, lakini pia homa na maradhi ya mifugo. Kati ya mlima na tambarare serikali ya Kijerumani iliwagawia walowezi mashamba, wakiwamo Makaburu walioanza kufika yapata mwaka 1904 na 1905, hata watu wa mlimani wakabanwa. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwatoa Wameru kwa nguvu katika Engare Nanyuki, watu wapatao 3,000, ili ardhi hiyo iwe ya walowezi wafugao ng'ombe. Walielekezwa wahamie Kingori, nao wakakataa. Katika sababu walizozitoa zilikuwamo joto la nchi hiyo na maradhi ya mifugo yake. Kirilo Japhet alikwenda kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Mara nyingi kesi hiyo hukumbukwa kama kesi ya ardhi, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini ndani yake mlikuwa na ubishi juu ya nani ajuaye vema ni wadudu gani wakaao mahali gani. Serikali ilihesabu ekari, na mfugaji alihesabu kupe na ndigana.

Miaka hiyo hiyo Arusha ikawa makao ya elimu ya dawa za kuua wadudu. Kikosi cha uchunguzi kilichoanzishwa Uganda baada ya Vita Kuu ya Pili kilihamia Arusha yapata mwaka 1950, na mwaka 1962 kikawa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu ya nchi za joto, yenye makao Ngaramtoni, upande wa magharibi wa mlima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 taasisi hiyo ilibaki kwa Tanzania, na kwa sheria ya mwaka 2020 kazi zake zilitiwa katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Hiyo ilikuwa enzi ya matumaini makubwa. Kati ya mwaka 1954 na 1959, katika nchi ya Pare na Taveta, kuta za nyumba zilipigwa dawa ya dieldrini. Vifo vya watoto vilipungua na malaria ikashuka sana, ila haikwisha. Na upigaji dawa ulipokoma, malaria ilirudi polepole. Faida ya kazi ile haiwezi kukanwa. Lakini ilidhihirika kwamba kimelea aliyefungamana na mahali haondoki kwa pigo moja.

Vita vya pili vilikuwa vya konokono. Kichocho huenezwa na minyoo ambayo mayai yake hutoka katika mkojo au kinyesi cha mtu. Yaingiapo majini huanguliwa, viluwiluwi humwingia konokono, huongezeka humo, kisha hutoka na kumtoboa ngozi mtu aogaye au alimaye mferejini. Kila mfereji mpya ulimpa konokono makao mapya. Katika shamba la miwa la Arusha Chini, ng'ambo ya tambarare hiyo hiyo, N. O. Crossland alieleza mwaka 1963 jaribio kubwa la kuua konokono kwa dawa katika mifereji, na Alan Fenwick akaeleza mwaka 1970 jinsi njia hizo zilivyoendelezwa. Mwaka 1969 Fenwick alikuwa amekwisha kutangaza kwamba nyani wa kaskazini ya Tanzania nao walikuwa na minyoo ya kichocho cha tumbo. Habari hiyo ilikuwa onyo, kwa maana ilionyesha kwamba ugonjwa wa mtu waweza kuwa na mwenyeji mwingine porini. Tena dawa za konokono zina gharama isiyoonekana katika hesabu za shamba. Niklosamaidi, iliyo maarufu kuliko zote, huua samaki pia. Na samaki wakifa, mnandi na kulastara huhama.

Hapo ndipo ndege alipoanza kutiliwa shaka, na hapo ndipo yafaa mambo yatenganishwe kwa uangalifu. Katika miaka ya 1950 Alex Fain, daktari Mbelgiji aliyefanya kazi Astrida katika Ruanda-Urundi, alichunguza ndege wengi wa nchi ya maziwa makuu. Katika matundu ya pua zao alikuta aina nyingi za utitiri ambazo hazikuwa zimeandikwa na mtu. Mwaka 1955 alieleza pia kichocho cha ndege wa majini, ambacho minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya pua. Minyoo hiyo ni jamaa ya minyoo ya kichocho cha mtu, nayo pia hupitia kwa konokono. Mtu atiapo mguu majini, kiluwiluwi cha minyoo ya ndege chaweza kumtoboa ngozi kwa kumdhania bata. Lakini humo hakiendelei, hufa, na mtu huwashwa siku chache. Jambo hilo lilikuwa limekwisha elezwa na W. W. Cort mwaka 1928 kwa waogeleaji wa Michigan, Marekani.

Maana yake kwa mkazi wa Kikwe au wa mabonde ya Arusha ni dhahiri. Kichocho cha mtu hakiletwi na bata wala korongo. Huletwa na kinyesi na mkojo wa watu uingiao majini, na pengine, kama alivyoonyesha Fenwick, na nyani. Kuwafukuza ndege katika bwawa, au kukata mafunjo wanamotaga, hakumwondolei mtoto kichocho hata kidogo. Choo kizuri na maji ya bomba humwondolea. Aliyemdhania ndege kuwa chanzo amemwadhibu asiye na kosa, na mwenye kosa ameachwa mahali pake.

Mfano mwingine waonyesha vizuri zaidi maana ya neno kimelea. Kambare wa mito na mabwawa ya Afrika mara nyingi huwa na viluwiluwi vya minyoo ndani ya fuvu, kandokando ya ubongo. Mwaka 1963 Mary Beverley-Burton, akifanya kazi katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, alieleza minyoo mipevu ya namna hiyo katika kulastara, akaonyesha kwa majaribio sehemu ya njia yake. Mayai hutoka katika kinyesi cha kulastara na kuingia majini. Kiluwiluwi humwingia konokono. Kitokacho kwa konokono humwingia kambare na kupanda mpaka kichwani. Na kulastara amlapo kambare, minyoo hupevuka tumboni mwake na kutaga tena. Mwaka 2013 Fred Chibwana, Gamaliel Nkwengulila na wenzao waliitangaza kazi waliyoifanya juu ya minyoo ya ubongo wa kambare kwa kuzilinganisha chembe zao za urithi, nayo ilionyesha kwamba jina moja lililozoeleka laweza kuficha aina zaidi ya moja. Msururu huo wa ndege, konokono na samaki hauna mtu ndani yake, ila mtu aweza kuukata. Akikausha bwawa, akimaliza samaki, au akimwaga sumu, minyoo hufa. Lakini hufa pamoja na wenyeji wake wote watatu.

Nchi ya Meru yatoa mahali pawili pa kulinganisha, navyo havipo mbali na Kikwe. La kwanza ni ziwa Duluti, karibu na Tengeru. Ni ziwa dogo la shimo la volkano, lenye eneo la hekta 60 hivi, limezungukwa na msitu uliohifadhiwa huku mashamba na makazi yakiubana. Maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi nyingi, na samaki wamo. La pili ni maziwa ya Momella, upande wa mashariki wa mlima, ambayo yana magadi. Konokono wa maji baridi hawayastahimili maji makali ya namna hiyo, wala kambare hawamo. Basi msururu wa kulastara, konokono na kambare hauwezi kuota humo. Badala yake wamo heroe wadogo, ambao huchuja majini mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Ndege wanaoruka mwendo wa muda mfupi tu kutoka ziwa moja hadi jingine hukutana na vimelea tofauti kabisa. Kinachoamua ni maji, na bawa la ndege huja baadaye.

Momella pia pana fundisho la hadhari. Hifadhi ya shimo la Ngurdoto ilianzishwa mwaka 1960, maziwa ya Momella yakaongezwa mwaka 1962, na mwaka 1967 sehemu ya mlima Meru ikatiwa ndani, ikawa Hifadhi ya Arusha. Mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi katika Momella Kubwa na katika ziwa Manyara. Katika vifo kama hivyo fikira za kwanza hukimbilia ugonjwa, kimelea au sumu ya mashamba. Charles Lugomela, Hudson Pratap na Yunus Mgaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyachunguza maji, na mwaka 2006 wakaeleza kwamba yawezekana chanzo ni sumu itokayo katika mimea ile ile midogo ya majini, ilipoongezeka kupita kiasi. Chakula cha heroe ndicho kilichoshukiwa kuwa sumu yake. Asiyeyapima maji, akamkamata mdudu wa kwanza aliyemwona, angekosea.

Huko Kikwe na vijiji vya jirani, habari hizi zote hukutana mferejini. Mashamba hupata maji ya mito ya Meru. Palipo na maji pana konokono. Palipo na ng'ombe pana yangeyange. Ndege huyu husifiwa kwamba humwondolea ng'ombe kupe, na kwa sababu hiyo wakulima wengi humwacha kwa amani. Ukweli ni kwamba chakula chake kikubwa ni panzi, vyura na wadudu wanaorushwa na kwato. Kupe ni sehemu ndogo sana. Sifa yake ni njema ijapokuwa sababu yake si sahihi, kwa kuwa panzi pia ni adui wa shamba. Hata hivyo yafaa ionekane jinsi hukumu ya watu juu ya ndege inavyozunguka neno lile lile: mmoja hupendwa kwa kudhaniwa mla kupe, na mwingine huchukiwa kwa kudhaniwa mchukuzi wa kupe. Wote wawili hawakuulizwa habari za maji.

Karibu na hapo, Nambala, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Ni jambo la kufurahisha kwamba chuo cha elimu ya viumbe na maji kimewekwa kati ya mlima na tambarare, mahali ambapo swali lenyewe lapita mlangoni. Swali hilo si jepesi. Wako wataalamu wasemao kwamba penye aina nyingi za viumbe maradhi hupungua, kwa sababu kimelea humwangukia mwenyeji asiyemfaa akapotea. Wako wengine wasemao kwamba hiyo si kanuni ya kila mahali, na kwamba bwawa lililohifadhiwa laweza kuongeza mbu. Pande zote mbili zina mifano yake. Isingekuwa haki kumwambia mkazi wa bondeni kwamba kila mafunjo ni afya, huku mwanawe ana homa.

Lakini pana hoja nyingine ambayo haitegemei ubishi huo. Mwaka 2006 Peter Hudson, Andrew Dobson na Kevin Lafferty waliuliza kama mahali penye afya si pale penye vimelea wengi. Kwa masikio ya aliyelelewa na neno kupe, swali hilo ni kichekesho. Kwa aliyeufuata msururu wa kulastara, ni jambo la wazi. Minyoo yenye wenyeji watatu haiwezi kuwapo mpaka wote watatu wawepo, tena kwa wingi wa kutosha kukutana. Akikutwa kulastara mwenye minyoo hiyo katika kijito kipitacho mjini, ni ushahidi kwamba maji yale bado yana konokono na samaki, na kwamba ndege bado anayategemea kwa chakula. Akikutwa kulastara asiye na kitu, huenda ni mzima. Huenda pia anakula mabaki ya jalalani kwa kuwa mto umekufa. Hivyo kimelea ni shahidi aliye ndani ya mwili wa ndege, ambaye hawezi kuhongwa kwa maua yaliyopandwa ukingoni.

Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, ikiwa zaweza kuharibu mazingira hayo. Katika mji unaokua, mita 60 ni kiwanja cha nyumba kadha, na katika tambarare ni bustani ya mboga ya familia nzima. Ndiyo maana ukingo wa mto hupungua kila mwaka kwa hatua moja moja, na anayepunguza aghalabu hana pengine pa kulima. Sheria pekee haimtoshi mtu huyo. Yamfaa pia aelezwe kwa lugha yake kwamba ukingo ule si mpaka wa kumtenga, kama zilivyokuwa kanda za Simpson, na kwamba haulindwi kwa ajili ya ndege tu. Majani ya ukingoni huzuia udongo na uchafu. Maji yakifika Kikwe yakiwa safi, konokono, samaki na mtoto wote huyakuta hivyo.

Kazi ya kueleza hayo ni ya wataalamu wa lugha kwa kiasi kile kile ilivyo ya wataalamu wa wanyama. Lugha iliyo na kupe peke yake humfundisha msemaji kung'oa. Lugha iliyo na kimelea humkumbusha kuuliza: kimeota juu ya nini, kimeletwa na nani, na kikifa kitakufa pamoja na nani? Wazee wa Meru waliokataa kwenda Kingori waliuliza maswali ya namna hiyo kabla neno lenyewe halijaingia vitabuni. Walijua kwamba homa na ndigana vina nchi yake, na kwamba atakaye kuvishinda sharti aijue nchi hiyo kwanza.